Thripsi au utitiri? Kiwavi au nzi wa matunda? Linganisha kwanza ndo ushike bomba

Watu wengi tukiona pilipili shambani imejikunja majani tunasema neno moja tu, "imeingiliwa na wadudu", alafu tunakimbilia dawa. Mi mwenyewe nilikuwa hivyohivyo. Kuna msimu nilipiga dawa mara tatu mfululizo, kila baada ya siku tano, nimevaa barakoa na mabuti jasho linanitiririka, nikijua kabisa napigana na thripsi, na mimea ikazidi kuharibika huku naiangalia, ncha zikawa nyembamba na ngumu kama zimebabuliwa na moto, maua yakapukutika. Kumbe thripsi wa maana hata hawakuwepo. Walikuwa utitiri, na ile dawa niliyokuwa napiga (mchanganyiko wa dawa mbili za wadudu, lambda na imidaklopridi) utitiri haiwashughulishi kabisa, ila inawaua vizuri sana wale wadudu wanaowala utitiri. Yaani nilikuwa nawafanyia usafi, nawafukuzia maadui zao.

Kwa hiyo hapa silinganishi dawa na dawa moja kwa moja, nalinganisha wahalifu kwanza, dawa zinafuata nyuma. Ukishamjua mhalifu nusu ya uchaguzi umeshaufanya.

Majani yamejikunja: thripsi na utitiri

Hawa wawili ndo wanachanganya watu kuliko wote, maana wote wanashambulia majani machanga na maua, wote ni wadogo mno, na ukiangalia kwa mbali shamba linafanana tu. Lakini piga magoti ukaangalie ncha ya mche.

Jani la thripsi linajikunja kingo zikielekea juu, linakuwa kama mtumbwi uliokaa sawasawa majini. Jani la utitiri linajikunja kingo zikielekea chini, mtumbwi uliopinduka. Hicho ni kipimo cha haraka na mara nyingi kinakupeleka sehemu sahihi, ila usikiapie, kwa sababu shamba likiwa na wote wawili kwa pamoja (na inatokea) utaona majani ya kila namna kwenye mche mmoja. Ndo maana kuna vipimo vingine.

Angalia rangi. Thripsi anakwangua ngozi ya jani na kufyonza, kwa hiyo panabaki mabaka ya fedha yanayong'aa, na juu yake kuna vidoti vyeusi vidogo vidogo, hicho ni kinyesi chake. Utitiri hauachi fedha wala vidoti, wenyewe upande wa chini wa jani unakuwa na rangi ya shaba, kama umepakwa mafuta yaliyoungua, na jani linakuwa gumu, ukilikunja linavunjika badala ya kujikunja. Jani pia linakuwa jembamba na refu kuliko kawaida.

Angalia tunda. Thripsi anaacha mikwaruzo, mistari ya kahawia au ya fedha inayoanzia pale chini ya kofia ya kijani ya tunda na kushuka. Utitiri unaacha gamba, ngozi ya tunda inakuwa kama ya kiazi kikavu, ya kahawia na yenye nyufa nyembamba, wakati mwingine limefunika tunda zima na tunda limepinda.

Sasa ukitaka ushahidi, siyo dalili tu, kwa thripsi ni rahisi. Chukua karatasi nyeupe, iweke chini ya ua, gonga ua kwa kidole mara tatu nne. Watadondoka vijidudu vyembamba kama vipande vya uzi, milimita moja hadi mbili, watoto ni wa njano iliyopauka na wakubwa ni wa njano hadi kahawia nyeusi, na wataanza kukimbia kwenye karatasi mara moja. Utitiri kwa karatasi hutauona. Una milimita 0.1 hadi 0.2, macho peke yake hayafiki huko. Inabidi lenzi ya mkononi, inayokuza mara 10 ni ya kubahatisha, ya mara 20 ndo inakupa raha, na uangalie chini ya jani changa kabisa, lile ambalo hata halijafunguka, siyo jani lililokwisha kuharibika maana pale wameshahama. Utaona vitu kama matone ya maji ya njano yanatembea. Mayai yake ndo kitambulisho kisichodanganya, yai moja moja limegandishwa kwenye jani, angavu, na mgongoni lina vidoti vyeupe vilivyopangwa mistari. Ukiyaona hayo, acha kubishana, ni utitiri.

(Na kitaalamu utitiri siyo mdudu kabisa, una miguu minane, ni ndugu wa kupe na buibui. Siyo udadisi wa bure huu, ndo sababu dawa nyingi za wadudu hazimgusi. Huyu ninayemsema hapa ni yule mpana, Polyphagotarsonemus latus. Yule mwekundu anayetengeneza utando kama buibui ni mwingine, anapenda majani makubwa ya chini na anaacha vidoti vya njano, huyo utando wake unamtangaza mwenyewe.)

Hali ya hewa nayo inasaidia kukisia. Thripsi wanatamba kipindi cha ukame, mvua kubwa inawaosha. Utitiri mpana unapenda joto lenye unyevu, kwa hiyo ukiona majani yanajikunja katikati ya msimu wa mvua au kwenye kona ya shamba yenye kivuli, mashaka yaanzie kwake. Alafu angalia tatizo limeanzia wapi. Thripsi huwa wanaingia na upepo kutoka pembeni, hasa baada ya magugu au mazao ya jirani kukatwa, utaona mistari ya mwanzo ya shamba imeathirika zaidi. Utitiri unaanza kama doa, miche mitatu minne, alafu doa linatanuka kufuata njia unayopita we mwenyewe na nguo zako. Kuna kitu kingine kinachonishangaza kila nikikiona kimeandikwa: utitiri unapanda miguu ya nzi weupe kama abiria na kusafirishwa mche hadi mche. Kwa hiyo ukiwa na nzi weupe wengi, utitiri umepata usafiri wa bure.

Wanaofanana nao lakini siyo wao

Vidukari mafuta wanakunja majani pia, ila hao hawajifichi, wamejazana chini ya jani na kwenye ncha, jani linanata, chini kuna masizi meusi, na sisimizi wanapanda na kushuka. Ukiona sisimizi wamejipanga kwenye shina la pilipili fuata mstari wao, watakupeleka. Nzi weupe nao, tikisa mche tu wanaruka kama unga.

Shida ya hawa wawili siyo kufyonza, shida ni virusi. Na hapa kuna tofauti ambayo inabadilisha kabisa uamuzi wa kupiga dawa au kutopiga. Virusi vingi vinavyobebwa na vidukari vinaingia kwenye mche ndani ya sekunde au dakika chache, kidukari akionja tu kashaacha, kwa hiyo hata dawa iwe kali vipi anakufa akiwa ameshamaliza kazi. Virusi vya nzi weupe, vile vya kukunja na kudumaza majani, vinahitaji afyonze kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo kumdhibiti mapema, hasa kitaluni, kunasaidia kweli. Thripsi naye anabeba virusi vinavyoacha mabaka ya duara duara kwenye matunda, na ajabu yake ni kwamba anavipata akiwa mtoto tu, alafu anavisambaza akiwa mkubwa mpaka anakufa, ndo maana kuua watoto wa thripsi ndani ya shamba lako ni muhimu kuliko kuhesabu wakubwa waliokwama kwenye mtego.

Mche wenye virusi haponi. Ng'oa, usiupe mbolea eti utajitahidi.

Na kabla hujamlaumu mdudu yeyote jiulize kama kuna mtu jirani alipiga dawa ya magugu siku zenye upepo. Dawa za kundi la 2,4-D zikipeperuka zinakunja pilipili kwa namna inayofanana sana na utitiri. Tofauti, dawa ya magugu inapiga eneo lote kwa siku moja upande upepo ulikotokea, na ncha mpya zinazofuata zinaweza kutoka zikiwa nzuri, utitiri unatambaa pole pole na kila ncha mpya inaharibika.

Dawa ipi kwa nani

Thripsi: spinosadi ndo ninayoiamini zaidi, inatokana na bakteria wa udongoni, inapiga thripsi na viwavi pia. Ila utitiri mpana haimalizi. Imidaklopridi na ndugu zake ni nzuri kwa vidukari na nzi weupe, kwa thripsi wa kwenye maua matokeo ni ya kusuasua.

Utitiri: abamektini au salfa. Abamektini inapenya ndani ya jani kidogo, na hilo ni jambo kubwa kwa sababu utitiri umejificha chini ya jani lililokunjwa ambako matone hayafiki. Salfa ina uzuri wa kuwa ya zamani na ya kueleweka, ila ina masharti, usiipige jua kali, ikizidi nyuzi joto 30 hivi inaunguza majani, na usiichanganye wala kuifuatanisha karibu na dawa za mafuta, zikiwemo za mafuta ya mwarobaini, subiri kama wiki mbili.

Ukilazimishwa kuchagua moja bila lenzi na hujui ni nani? Basi abamektini, maana inagusa utitiri vizuri na thripsi kwa kiasi. Lakini huo ni uamuzi wa mtu aliyebanwa, tafuta lenzi bwana.

Mwarobaini naouweka katikati. Unazuia wadudu wachanga kukua na unapunguza hamu ya kula, haufanyi kazi siku hiyohiyo, na jua linauharibu haraka. Ukiuanza mapema wakati wadudu ni wachache unalipa. Ukiuanza wakati shamba limeshakunjamana utasema hauna maana, na kosa litakuwa lako.

Zile za jamii ya pairethroidi, lambda na wenzake, zinazoiga sumu ya pareto, mi kwenye pilipili naziweka mwisho kabisa. Zinadondosha kila kitu unachokiona kwa macho siku hiyo, mkulima anafurahi, alafu wiki mbili tatu baadaye vidukari na utitiri wanarudi wengi kuliko mwanzo kwa sababu walinzi wamekufa. Kuna kadudu kadogo ka jamii ya Orius kanakaa ndani ya maua ya pilipili na kanakula sana thripsi, ukishakaua unaanza kulipia kazi aliyokuwa anaifanya bure.

Kingine cha kulinganisha kwenye lebo ni namba ya kundi, yaani namba inayoonyesha dawa inaua kwa njia gani, maana majina ya biashara yanadanganya. Watu wanapiga abamektini wiki hii kwa utitiri, wiki ijayo wanapiga emamektini kwa viwavi, wanaamini wamebadilisha dawa. Hawajabadilisha, zote ni kundi la 6. Spinosadi ni la 5, imidaklopridi 4A, pairethroidi 3A. Kubadilisha ni kubadilisha namba, siyo kubadilisha chupa.

Na usitegemee pigo moja. Mayai ya thripsi yako ndani ya nyama ya jani na wengi wao wanajigeuza kuwa wakubwa wakiwa chini kwenye udongo, kwa hiyo dawa inawakuta tu watoto na wakubwa walioko juu ya mche siku hiyo, inabidi urudi baada ya siku 5 hadi 7. Utitiri kwenye joto unamaliza mzunguko wake ndani ya wiki au pungufu, nao vilevile urudie. Alafu, na hili lilinichukua muda kulielewa, jani lililokunjika halinyooki tena. Usipime dawa kwa majani ya zamani ukasema imeshindwa, funga uzi kwenye ncha kumi za miche tofauti siku unayopiga, rudi baada ya wiki mbili uangalie kilichoota juu ya uzi. Kikiwa kimenyooka umeshinda hata kama mche mzima chini unatia huruma.

Matunda yametoboka: kata tunda uone

Hapa uchaguzi ni rahisi kidogo kwa sababu mhalifu mara nyingi yuko ndani. Kata tunda kwa urefu, fungua kiganjani.

Ukikuta kiwavi mkubwa mwenye miguu, wa kijani au kahawia mwenye mistari ubavuni, anaweza kufika sentimita 3 hadi 4, na tundu lilikuwa la duara, pana, na kinyesi kimejaa mlangoni, huyo ni Helicoverpa, funza yuleyule anayetoboa vitumba vya pamba na nyanya. Ana tabia ya kula nusu mwili ndani nusu nje, na anahama tunda hadi tunda, mmoja anaharibu mengi.

Ukikuta kiwavi mdogo wa rangi ya waridi mwenye kichwa cha kahawia, amejichimbia kwenye mbegu, na tundu la kuingilia ni dogo kiasi kwamba ulilipita bila kuliona, huyo ni nondo anayeitwa Thaumatotibia leucotreta, asili yake Afrika. Huyu hatoki mpaka amalize, alafu anashuka kwenye udongo kujigeuza. Kwa anayelima pilipili za kupeleka Umoja wa Ulaya ndo adui namba moja, tangu Januari 2018 pilipili zinazotoka nchi za Afrika lazima zithibitishwe kwamba hazina nondo huyu, na kiwavi mmoja akikutwa kwenye ukaguzi mzigo unakataliwa.

Ukikuta funza weupe wengi wasio na miguu wala kichwa kinachoonekana, tunda limelainika na lina majimaji, hao ni wa nzi wa matunda. Waache kiganjani kidogo. Waliokomaa wanajikunja kama upinde alafu wanaruka, ukishawaona wakiruka hutasahau. Nje ya tunda utaona kidoti tu kama cha sindano, pale jike alipochoma kutaga. Tahadhari moja, funza ndani ya tunda lililokwisha kuoza siku nyingi siyo ushahidi, nzi wengine wanakuja kwenye uozo. Kata yale yanayoonekana bado mazima ila yana kidoti.

(Kwa wa Marekani na Mexico kuna wa nne, kifukusi wa pilipili, mtoto wake hana miguu lakini ana kichwa cha kahawia, na matunda machanga yanadondoka yenyewe.)

Tofauti hizi zinaamua hela unaitupa au unaitumia. Kwa Helicoverpa, dawa ya bakteria Bt inafanya kazi na haiui nyuki wala walinzi, mradi viwavi ni wadogo na bado wako nje, kwa hiyo unapiga pale unapoona mayai na viwavi wachanga kwenye maua, siyo unapoona matundu. Emamektini na spinosadi nazo zinampiga. Kwa yule wa waridi Bt haina nafasi kubwa, anakaa nje muda mfupi sana kabla ya kuzama, kwake mitego ya harufu ya jike inakuambia lini madume wanaruka na kuokota matunda ndo kunakata mzunguko. Kwa nzi wa matunda kupiga shamba zima ni kupoteza tu, mayai yako ndani ya tunda na nzi mwenyewe anaruka, kinachofanya kazi ni chambo cha protini kilichochanganywa na sumu kidogo, unapiga madoa madoa kwenye majani, siyo kwenye matunda, nzi anakuja kula mwenyewe maana jike anahitaji protini kabla hajataga.

Na kuokota matunda kunawahusu wote watatu, lakini kuokota na kutupa pembeni ya shamba ni kuwahamishia nyumba. Tia kwenye mfuko mweusi wa plastiki, funga kabisa, acha juani siku kadhaa, au fukia chini angalau nusu mita.

Mitego ya rangi na matandazo

Haraka haraka: njano inavuta nzi weupe na vidukari, bluu inavuta thripsi zaidi. Mitego hii kwenye shamba la wazi ni ya kukuonyesha nani kaingia na lini, siyo ya kuwamaliza, usidanganywe. Utitiri hauna rangi ya kuunasa, hauna mabawa. Matandazo ya plastiki ya rangi ya fedha yanachanganya wadudu wanaoruka kwa mwanga unaorudi juu, yanasaidia miche ikiwa midogo, mimea ikishafunika udongo kazi yake imeisha.

Kinachoamua mwishoni: unavuna lini

Pilipili ina tatizo ambalo mahindi hayana, unavuna kila wiki au zaidi kwa miezi. Kwa hiyo dawa mbili zikiwa na nguvu sawa, mi naangalia siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo ya zao hilo, na inayoandika siku nyingi naipiga kabla maua hayajafungua, inayoandika siku chache naiweka kwa kipindi cha kuvuna. Ukigeuza mpangilio huo utajikuta umesimama mbele ya matunda mekundu yanayopasuka kwa kuiva na huruhusiwi kuyagusa, au unayachuma hivyohivyo na sumu yake. Na pigia jioni, nyuki wakisharudi nyumbani, spinosadi na abamektini zote zinawaua zikiwa bado mbichi kwenye ua.